Kanumba wa Mwadui na karatasi ya mnunuzi

Wiki hii nawaomba tubaki hapa hapa kwetu Mwadui, maana jambo nitakalolizungumza limenifuata hadi mlangoni.

Alikuja kijana mmoja wa Maganzo, huko nje ya geti la mgodi, ameshika daftari lililoandikwa mpaka kwenye jalada. Ni hadithi ya filamu. Simu yenye kamera nzuri anayo, rafiki mwenye kompyuta ya kuhaririia anaye, wenzake saba wamekubali kuigiza bila malipo, na shangazi yake atawaachia nyumba siku za gulio, yeye akiwa sokoni. Lakini si hayo yaliyomleta. Kuna mfanyabiashara ameahidi kulipia gharama zote na kumpa cha juu, kwa sharti moja: asaini karatasi kwamba filamu si yake tena, leo wala kesho. Akaniuliza, "Mzee, hivi marehemu Kanumba yeye alikuwa anasaini nini?"

Nikamwambia mikataba ya marehemu tumwachie marehemu na jamaa zake. Namna alivyofanya kazi ndiyo tuizungumze.

Vijana wengi hapa hawajui kwamba Steven Kanumba alikuwa mtoto wa mkoa huu. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma shule ya msingi Bugoyi pale mjini, kisha akaingia sekondari hapa hapa Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko alijiunga na kundi la Kaole, lile lililokuwa likionyesha michezo yake ITV. Runinga yenyewe Bara ilikuwa changa, vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kijana wa Kisukuma akawa anaingia sebuleni kwa watu kila wiki.

Kabla ya hapo filamu ilikuwa kazi ya serikali. Tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, na kazi zake zilihesabika kwenye vidole, kwa kuwa mkanda wa sinema ni ghali na ulilazimika kusafishwa ng'ambo. Kilichoivunja ngome hiyo ni kamera ya video. Nigeria walitangulia: mwaka 1992 Kenneth Nnebue, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza kanda za video, alitoa Living in Bondage, nao wenzake wa sokoni wakaona njia. Kwetu, filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ndiyo iliyowafumbua macho wauzaji wa Kariakoo. Nanyi mzingatie hilo: huko na huku, benki wa filamu alikuwa mwenye duka.

Basi kazi ikawa hivi. Kamera moja. Nyumba ya kuazima, aghalabu ya jamaa mwenye makochi mazuri, na ndiyo maana filamu zetu nyingi zimejaa sebule. Mwigizaji anakuja na nguo zake. Gari ni la rafiki, lirudi kabla ya saa kumi na mbili. Umeme ukikatika, mnakaa chini mnasubiri, au mnageuza tukio la usiku kuwa la mchana. Kwa siku chache picha zimekwisha, mhariri anakesha, hadithi inakatwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili ili mteja anunue mara mbili. (Hili la sehemu mbili sikulipenda hata siku moja. Nimewahi kukaa saa nzima nikitazama watu wakishuka garini na kufungua mageti.)

Kanumba alitoka katika shule hiyo, lakini alikuwa na mambo yake. Kwanza, alivuka mpaka. Mwaka 2006 alitoa Dar to Lagos akiwa na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye akamleta Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Alijua kwamba sura moja inayofahamika Lagos inauza kuliko kamera mpya. Pili, aliwapa watoto nafasi ya kweli. Katika Uncle JJ na This Is It watoto ndio wanaobeba mchezo, naye mtu mzima anakubali kuchekwa nao. Mtoto hahitaji mavazi ya bei, na familia nzima inakaa kutazama. Tatu, aliunda kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa anatunga, anaigiza, na baadhi ya kazi anaziongoza mwenyewe. Majina ya Kiingereza yale yaliniudhi, nakiri. Mama wa Kishapu anakwenda dukani kuulizia "ile ya Anko", na muuzaji anaelewa.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, kabla hajazikwa Kinondoni, ulionyesha kitu ambacho hesabu za duka hazikuwahi kukionyesha.

Sasa turudi kwenye karatasi. Katika miaka ile, desturi ya soko ilikuwa mtengenezaji kuuza filamu moja kwa moja, haki zote, kwa fedha ya mkupuo. Siwalaumu waliouza. Wezi wa kudurufu walikuwa wakitoa nakala zao mapema, stempu za kodi kwenye diski zilikuja mwaka 2013, na mwenye njaa hawezi kusubiri asilimia. Tena, nani angejua? Diski ilionekana ndiyo mwisho wa safari. Kumbe zilikuja chaneli za kulipia, Maisha Magic na Sinema Zetu, ikaja YouTube, na filamu za zamani zikapata uhai wa pili. Fedha ya uhai huo inakwenda kwa mwenye karatasi.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda filamu kwa miaka 50. Tena inaruhusu mambo mawili tofauti: kuuza haki, au kutoa kibali cha kuitumia kwa muda na kwa njia iliyotajwa. Wengi hawakuambiwa kuna hilo la pili.

Watu wa Maganzo hawahitaji mfano mrefu. Mchimbaji mdogo humwuzia dalali jiwe likiwa ghafi, bei ya hapo hapo, na haliulizii tena. Lile la waridi lililookotwa hapa Mwadui mwaka 1947 lilikuwa na karati 54.5, likachongwa likabaki 23.6, na likavaliwa na malkia. Ila jiwe likishauzwa limekwenda. Filamu unaweza kumpa mtu aionyeshe miaka mitano, kisha ikarudi kwako ikiwa nzima.

Hayo ndiyo niliyomwambia kijana, pamoja na kumwelekeza aandikishe hadithi yake kwa mamlaka ya hakimiliki kabla hajampa mtu asome. Tulikaa tukaandika karatasi nyingine: miaka mitano, runinga tu, mtandaoni abaki nayo mwenyewe. Akampelekea mfanyabiashara. Jibu lilirudi jana jioni: fedha ataitoa, lakini nusu ya ile ya kwanza.

Kijana amekwenda kuongea na wenzake saba kama watakubali kula mihogo badala ya wali. Gulio ni Jumatano.