Utando Ukichanika

Wahitimu wa upasuaji wa mtoto wa jicho,

Utando wa nyuma wa kifuko cha lenzi, pale katikati, una unene wa takribani mikroni 4. Unywele mmoja ni mnene kuushinda zaidi ya mara kumi. Utachanika mikononi mwenu, hata mkiwa hodari.

Dalili mnazijua: chumba cha mbele kinaongezeka kina ghafla, mboni inatanuka, kiini cha lenzi hakizunguki tena. Hapo mkono hushtuka, ukataka kuchomoa kifaa. Usikichomoe! Shinikizo likishuka, ute wa jicho hufuata njia uliyoufungulia, na ute ukivutwa huivuta retina. Tulia. Jaza chumba kwa viskoelastiki kupitia tundu la pembeni, ndipo utoe kifaa. Ute uliojitokeza hukatwa, hauvutwi. Mtakapopangiwa kazi penye upungufu wa mashine ya vitrektomi, tumieni sponji na mkasi, polepole. Kipande cha lenzi kikizama nyuma, msikifukuze. Fungeni jeraha, mpeni mgonjwa rufaa kwa bingwa wa retina mapema.

Na kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia asubuhi, ulizeni: utando ukichanika, lenzi ya akiba ya vipande vitatu ipo?

Mgonjwa aliye chini ya shuka hajalala usingizi. Ganzi imezuia maumivu, masikio yanasikia. Msimfokee nesi. Semeni, "Bibi, tutachelewa kidogo, tulia hivyo hivyo." Kesho yake bandeji ikifunguliwa, mwelezeni kilichotokea, mbele ya mwanawe aliyemleta. Ni haki ya mgonjwa, naye ndiye atakayejua kurudi haraka akianza kuona vimulimuli au kivuli.

Harold Ridley alipoweka lenzi bandia ya kwanza London mwaka 1949, ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa akabaki haoni mbali bila miwani mizito. Kasoro ile ilipimwa, ikaandikwa, na lenzi zilizofuata zikarekebishwa. Kasoro iliyofichwa isingemfundisha mtu.

Basi kila utando uliochanika uandikeni kwenye daftari la chumba cha upasuaji, kwa majina yenu. Mkiona michaniko inazidi, tupigieni simu sisi walimu wenu. Tutapokea.