Mbuyu Mchanga Hatuujui

Leo nazungumza nanyi kutoka hapa Raskazone, Tanga, na mazungumzo yetu si juu ya mahindi wala muhogo. Ni juu ya mti ambao wengi wenu mnao shambani na hakuna aliyeupanda. Nao ni mbuyu.

Hapa Tanga tunapo mahali paitwapo Mbuyukenda. Vijana huniuliza, kenda ni nini? Kenda ni tisa, hesabu ya wazee kabla hatujazoea hii tisa ya Kiarabu. Basi jina hilo ukilisikiliza vizuri linakuhesabia mibuyu. Tunayo na Mikanjuni. Mkanju ndio mkorosho, na asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioleta mti huo pwani yetu baada ya mwaka 1500, hata neno lenyewe kanju tulilipata kwao. Kwa hiyo jina la Mikanjuni haliwezi kuwa la kale kuliko hapo. Lakini mbuyu haukuletwa na jahazi la mtu. Ni wa Afrika hii hii.

Na umri wake si mchezo. Huko Zimbabwe ulikuwako mmoja ukiitwa Panke. Wataalamu waliupima wakaona una miaka kama 2,450. Ulikufa mwaka 2011. Mwaka 2018 wataalamu hao walitangaza kwamba katika mibuyu 13 mikongwe kabisa waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale zimeanguka. Kenda nyingine hiyo!

Mtasema, bwana shamba, hayo ni ya Zimbabwe, yetu imesimama. Sawa. Lakini hebu zunguka shambani mwako utafute mbuyu wenye unene wa mguu wako. Mara nyingi huuoni. Mbuyu mzee hatuukati, wengine kwa kuogopa pepo. Mchanga hauna pepo, basi twaupiga jembe.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa napalilia shamba la mfano, nikang'oa kijiti nikakitupa pamoja na magugu. Bibi mmoja aliyekuwa akipita akakiokota, akanionyesha mzizi wake, mnono kama kiazi. Akasema, "Mwanangu, umeng'oa mbuyu." Niliona haya, maana nimesoma chuo, na wakulima walikuwa wamesimama pale wakinitazama.

Kosa langu lilikuwa kwenye majani. Mbuyu mkubwa majani yake yamekaa kama vidole vya mkono, vitano au zaidi katika kikonyo kimoja. Mbuyu mchanga haufanani na mama yake hata kidogo: jani lake ni moja moja, refu, halina vidole. Vidole huja baadaye. Basi ukipalilia karibu na mbuyu mzee, ukaona kijiti cha namna hiyo, usikiguse. Kichomekee fimbo na kitambaa, watoto na vibarua wajue. Kisha kizungushie miiba, maana mbuzi na ng'ombe wanayapenda sana majani yake, na hao ni wabaya kuliko jembe.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, kula ubuyu wako kwanza, mbegu uzioshe. Ganda lake ni gumu. Mwagia maji ya moto, uziache humo mpaka kesho yake. Panda kwenye mifuko, na uwe na subira, kwani nyingine huchelewa wiki kadhaa. Mche uhamishe masika yanapoanza, uupeleke mpakani mwa shamba, mbali na nyumba. Matunda utayangoja miaka mingi, sikudanganyi. Pengine watayachuma wajukuu zako.

Kama kuna mbuyu au mti mwingine uliokipa kijiji chenu jina, waulizeni wazee ulisimama wapi, na kama una mtoto. Haya, kwa leo naishia hapa.