Lugha Mbili, Ukurasa Mmoja: Asiachwe Mtu Nje

Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Ayany, Kibera

Tumeombwa tueleze jinsi kikundi kinavyoweza kutengeneza tovuti ya Kiswahili na Kiingereza. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tulipofungua tovuti yetu tuliiandika kwa Kiingereza, maana tuliwafikiria wafadhili. Baadaye tukaongeza Kiswahili chini kabisa. Tangazo la siku ya mwisho ya kuomba mkopo tuliliandika kwa mkono, tukalipiga picha, tukaiweka picha hiyo hapo. Tukaona kazi imekwisha.

Katika kikundi chetu yuko mama asiyeona, muuza omena. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Aliufungua ukurasa mwenyewe, bila kumsumbua mtoto wa jirani. Simu ikamsomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, asipate hata neno moja. Ilipofika kwenye tangazo ikasema "picha", basi. Siku ya mkopo ikapita. Alikuja akatuambia, "Simu ilinisomea kama mzungu aliyeshuka ndege jana. Kwani mimi si mwanachama?" Hatukuwa na la kujibu.

Tukauliza, kosa lilitoka wapi? Wanaotengeneza kurasa za Kijapani na Kiingereza wana nafuu moja: Kijapani kina herufi zake, kwa hiyo hata mtoto akitazama ataona lugha imebadilika. Sisi Kiswahili na Kiingereza tunaviandika kwa herufi zilezile. Chukueni neno "pole". Mswahili anakufariji, Mwingereza anataja mlingoti! Mashine inaweza kukosea isipoambiwa. Ukurasa wetu ulikuwa na alama iliyosema wote ni Kiingereza, nayo simu ikatii.

Basi haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Kila lugha iwe na ukurasa wake, na kila ukurasa uwekewe alama ya lugha yake ndani ya maandishi ya kompyuta: sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza. Anayewatengenezea tovuti mwambieni hivyo. Ni kazi ya dakika chache.

2. Njia ya kuhamia lugha nyingine iwe juu ya kila ukurasa, iandikwe "Kiswahili" na "English". Msitumie bendera, maana bendera ni ya nchi, na Kenya ina lugha zote mbili. Aliye kwenye ukurasa wa mikopo apelekwe kwenye ukurasa wa mikopo, asirudishwe mlangoni.

3. Vichwa vya habari viwekwe kama vichwa kweli, si kukoleza wino tu. Asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama ninyi mnavyopitisha jicho gazetini.

4. Tarehe, mahali na kiasi cha pesa viandikwe kwa maneno, visifungiwe ndani ya picha. Kila picha yenye habari iwe na maelezo mafupi. Picha zikiwa chache, hata bando ya mwenye simu ndogo haitaisha haraka.

5. Tarehe ikibadilika, ibadilishwe katika lugha zote mbili siku hiyohiyo. Mchagueni mtu mmoja wa kuangalia hilo, kama mnavyomchagua mweka hazina.

Msidhani haya ni mambo ya wakubwa tu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuichora ramani ya mtaa wao katika mradi wa Map Kibera, wakaiweka kwenye mtandao kila mtu aione. Na W3C, shirika linaloweka kanuni za tovuti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwafikiria wenye ulemavu mwaka 1999. Njia imekwisha kulimwa.

Tena ni haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa. Kwa hiyo tukimfungulia mwenzetu mlango, tusijisifu kwamba tumemsaidia. Ni mlango wake.

Leo hatutoi tangazo kabla yule mama hajalisikiliza kwa simu yake. Akisema "hapa sijaelewa", tunarekebisha. Mara nyingi tunagundua kwamba hata wanaoona hawakuwa wameelewa.

Mkirudi nyumbani, fanyeni jaribio moja. Mpeni mwanachama asiyeona, au mzee asiyejua Kiingereza, simu yenye ukurasa wenu. Mwulizeni, "Mkutano ni lini?" Akikosa jibu, msimlaumu yeye. Anzeni kazi.