Tubishane Kitabu Kikiwa Mkononi



Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, ilituchukua vipindi vitatu kwa swali moja: kwa nini Kinjeketile, akiwa mfungwa, alikataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, ilhali mwenyewe alikuwa na shaka? Wengine walisema ni ukaidi. Sisi tulisema angekana, waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wangeitwa wajinga. Mwalimu hakuamua; alidai kila msemaji aonyeshe ukurasa.

Hata ofisini, neno lisilo na ushahidi halifiki mbali. Wanafunzi, majibu ya kukariri yatawavusha mtihani tu. Bishaneni, ila kwa hoja.