Kompyuta ya Kiganjani: Tuanzie Wapi?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

 

Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoanza kutumia kompyuta ya kiganjani. Mimi ni mtumishi wa serikali, si fundi wa mitambo. Nitasema yale niliyoyaona kazini, hasa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo nilikuwa mmoja wa wasimamizi wake huku kwetu Kumsenga.

Baadhi ya vyombo vya mwanzo vilivyojulikana sana vilitoka Marekani. Kampuni ya Apple ilitoa Newton mwaka 1993, na Pilot ya Palm ikafuata mwaka 1996. Pilot ilienea katika mfuko wa shati, na mtu aliandika juu ya kioo chake kwa kalamu isiyo na wino. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alianza na kipande cha mbao. Alikitia mfukoni akawa anatembea nacho, na kila alipotaka kuandika miadi alikitoa akajifanya anaandika. Hivyo aliijua kazi ya chombo kabla chombo chenyewe hakijawapo. Naomba mkikumbuke kipande hicho cha mbao, kitatufaa mbele.

Hapa Tanzania, mwaka 2004, watafiti wa afya walivitumia vyombo vya namna hiyo katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, wakapitia kaya zaidi ya 21,000. Majibu yaliingizwa mle mle nyumbani mwa mtu, badala ya kuandikwa kwenye karatasi na kusubiri kuchapwa mjini. Leo kazi hiyo inafanywa na simu janja na kishikwambi, lakini mwanzo wake ni huo.

Faida yake ilionekana katika Sensa. Ile ya 2012, iliyotumia karatasi, ilifanyika tarehe 26 Agosti, na jumla ya watu, 44,928,923, ikatangazwa tarehe 31 Desemba. Ile ya 2022 ilifanyika kwa vishikwambi tarehe 23 Agosti, na jumla ya watu 61,741,120 ikatangazwa tarehe 31 Oktoba. Watu wameongezeka, siku za kungoja zimepungua.

Sababu zake si uchawi. Programu iliyoandaliwa vizuri huruka swali lisilohusika: mtoto wa miaka mitatu haulizwi habari za ajira. Hukataa jibu lisilowezekana: mama hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe. Tena huhifadhi kazi pale pasipo na mtandao, ikaituma baadaye.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye neno langu. Kifaa hukataa jibu lisilowezekana. Hakiwezi kukataa jibu la uongo, wala hakimjui mtu aliyesahauliwa. Karani asiposhuka bondeni hadi kwenye kaya ya mwisho, kioo kitamwonyesha kazi safi isiyo na dosari. Nasi tunaoishi huku milimani, mbali na makao makuu, tunajua maana ya kusahauliwa. Idadi ya watoto ndiyo hutazamwa madarasa yanapopangwa, na idadi ya watu dawa za zahanati zinapokadiriwa.

Katika zoezi hilo mzee mmoja alimwambia karani, "Mjukuu wangu, nimesema maneno mengi, nawe hujaandika hata moja. Kazi yako kugusagusa simu tu." Mzee alikuwa na haki ya kushuku. Zamani aliiona kalamu ikitembea. Sasa haoni kitu. Karani yule hakubishana naye. Alisogeza kigoda, akamsomea kwa Kiha, jina moja baada ya jingine, watu wote waliolala katika kaya ile usiku wa kuamkia siku ya Sensa. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Na yule mdogo aliyelala jikoni kwa bibi yake?" Mtoto huyo akaandikwa. Kifaa kisingemwona kamwe. Aliyemwona ni karani aliyejua kuuliza na kusikiliza.

Basi, wadogo zangu, anzeni hivi. Kwanza, andikeni maswali yenu daftarini, mkayajaribu kwa watu kabla ya kugusa kioo. Pili, chajini kifaa usiku, maana kikizimika njiani kazi imekwisha. Tatu, wekeni neno la siri na kulitunza, kwa kuwa habari za watu ni amana. Nne, hifadhini kila ukurasa kabla ya kufungua mwingine, na mwe na nakala mahali pengine. Tano, msomeeni mtu jibu lake kabla hamjaondoka kwake.

Mtasema hamna vishikwambi. Vile vya Sensa viligawiwa kwa walimu wa shule za serikali. Mwombeni mwalimu aliye nacho awaonyeshe. Wakati mnangoja, tumieni kipande chenu cha mbao, yaani daftari. Tungeni maswali kumi juu ya wanafunzi wanaotembea mwendo mrefu kuja shuleni. Waulizeni wenzenu ishirini. Swali litakalowachanganya watu, lirekebisheni. Mkipata kifaa, mtakuwa na kitu cha kukitia.

Na wenzangu tuliokwisha kupata kazi, tusiishie kuchangia vifaa peke yake. Tutoe pia siku moja kila mwaka, tuje tukae na vijana hawa tuwafundishe kuuliza na kusikiliza.