Kofia Kuukuu, Mabati Mapya



Tumepewa dakika chache kueleza kilichopo juu ya meza ile ya nyuma. Wengi mmekwisha kuzijaribu zile kofia kabla ya chakula, na mzee wetu mmoja tunaona bado hajaivua. Ni fedora 11. Zote zilikuwa kofia za kauboi. Tumezinunua hapa hapa Texas, kwenye maduka ya vitu vilivyotumika na kwenye minada ya nyumba ambazo wenyewe wamefariki au wamehama. Hakuna hata moja iliyotugharimu zaidi ya dola 25.

Kwa nini kofia? Kwetu Upareni hatuhitaji kuelezana. Mzee anayekwenda kuposa, kusuluhisha ugomvi wa mpaka au kuzika bila pama kichwani ni kama hajamaliza kuvaa. Pama nzuri tulizozikuta kwa babu zetu zilikuwa za felti, yaani manyoya yaliyoshindiliwa kwa maji moto na mvuke mpaka yakashikana, bila kufumwa wala kushonwa. Kazi yetu yote imesimama hapo. Kitambaa ukikikata pindo linafumuka, lakini felti haifumuki. Ukiipa mvuke inalainika, ukiivuta inakwenda unakotaka, na ikikauka inashika umbo uliloipa. Kwa hiyo kofia iliyokaliwa miaka kumi kwenye kiti cha gari la shamba inaweza kurudi ikawa kofia ya heshima.

Tena hatumkosei mtu tunapofuta mikunjo yake ya kikauboi. John B. Stetson alipoanza kutengeneza kofia Philadelphia mwaka 1865, ile iliyompa jina, Boss of the Plains, haikuwa na bonde lolote: kichwa cha mviringo na ukingo bapa, basi. Mabonde tunayoyaona kwenye filamu yalitiwa na wavaaji. Fedora nayo jina lake limetoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Victorien Sardou, ulioonyeshwa Paris mwaka 1882, Sarah Bernhardt akicheza nafasi ya binti mfalme Fédora. Wanaume walikuja kuidandia baadaye. Wateja wetu wa huku hawajali sana habari hiyo. Wanachotaka ni kofia ya Indiana Jones wa mwaka 1981, nasi tunawapa iliyo karibu nayo.

Kuchagua ndiko kugumu kuliko kushona. Kofia ya majani hatuigusi. Ya sufu ya kondoo ni rahisi kuipata, lakini ina ukavu wa blanketi na haishiki umbo vizuri, nayo tunaiacha. Tunatafuta manyoya ya sungura au, tukibahatika, ya biva, yule mnyama wa mtoni ambaye felti yake ni laini na mvua haiipenyi upesi. Ndani kuna alama za X zinazosemekana kuonyesha ubora, ila viwanda havifuati kipimo kimoja, X tano za huyu si X tano za yule. Tunaamini vidole. Halafu tunaishika kofia juani: ikiwa nondo wameitoboa, mwanga unapita.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo, hasa kwa vijana watakaojiunga. Zamani viwanda vya Marekani vilitumia zebaki kuandaa manyoya, na mafundi wengi waliugua. Katika mji wa Danbury, Connecticut, kule kutetemeka kwa mikono kulipewa jina la mji. Matumizi hayo yalikomeshwa mwaka 1941. Kofia inayoonekana kuwa ya kabla ya hapo hatuipigi msasa wala hatuiingizi kwenye mvuke, hata ikiwa nzuri namna gani. Na hizi nyingine pia tunazisugua nje, tumevaa barakoa.

Kazi yenyewe inaanza kwa kufumua. Utepe unatoka, na ule ukanda wa ngozi wa ndani unaogusa paji la uso unatolewa kwa uangalifu ili urudi ukiwa mzima. Kofia za kauboi zimekazwa kwa shelaki, ndiyo maana ukiigonga inalia kama boksi, na fedora haitaki ukavu huo. Tunaifuta kwa spiriti mara mbili tatu mpaka itulie. Kisha mvuke wa birika, na kofia inavutwa juu ya kalibu ya mti, inafungwa kamba pale kichwa kinapokutana na ukingo, inasukumwa chini kwa nguvu za mikono miwili. Hapo akina mama wametushinda. Waliozoea kusonga ugali wa watu 40 hawachoki upesi. Inalala kwenye kalibu siku nzima, wakati mwingine mbili. Tuna kalibu tatu, na inayofanya kazi zaidi ni ile ya sentimita 58, ambayo huku wanaiita saizi 7¼.

Ikikauka ndipo tunapokata. Ukingo wa kauboi una kama inchi 4, na fedora inataka 2 na nusu, ikipungua kidogo ubavuni. Mkato huo ndio unaobadilisha kofia machoni pa mtu kuliko kitu kingine chochote. Msasa laini unaondoa doa la juu, pasi yenye kitambaa kibichi inanyoosha, ukanda wa ngozi unashonwa kwa mkono kwenye matundu yake ya zamani. Alama ya jasho isiyotoka tunaifunika kwa utepe mpana, fundo likikaa upande wa kushoto. Mwisho bonde moja juu na mibonyeo miwili mbele, kwa vidole tu.

Sasa fedha. Mwaka huu tumeuza kofia 23, kati ya dola 90 na 140 kila moja. Baada ya kutoa gharama za kofia, tepe na spiriti, mweka hazina amepokea dola 1,900.

Wapo waliotuuliza, na ni haki yao, kwa nini tujisumbue na mvuke wakati kila mmoja angeweza kutoa dola mia na tukaenda kulala. Jibu letu ni kwamba mia hizo mmekwisha kuzitoa, na wanaozitoa ni wale wale kila mwaka. Orodha ya wachangaji haijaongezeka, majina mengine yamehamia kwenye orodha ya marehemu. Kofia 23 zile zimenunuliwa na watu ambao hawajapata kusikia neno Upare. Hiyo ni fedha ambayo haikutoka mfukoni mwa mtu yeyote aliyekaa humu.

Na haja mnaijua. Wodi ya wazazi ya zahanati yetu kuta zimefika kwenye linta. Mawe ya msingi yalibebwa kwa msaragambo, wazee na watoto wa shule pamoja, na matofali yalichomwa pale pale. Masika mawili yamezinyeshea kuta hizo bila paa, na tofali la kuchoma likinywa maji mwaka hadi mwaka linaanza kumeguka. Wakati huohuo mama akishikwa na uchungu usiku bado anateremshwa kwa machela hadi barabara ya magari. Makisio ya fundi wa paa yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu mlicho nacho. Tunaomba myasome kabla ya mnada.

Tuna wazo moja la ziada. Kofia hizi za kauboi zinafika pia nyumbani ndani ya marobota ya mitumba. Ukipita soko la Memorial pale Moshi hukosi kuziona. Seremala wetu yeyote anaweza kuchonga kalibu akipewa vipimo, na vijana wa cherehani wakajifunza yaliyobaki. Vipimo tutavipeleka wenyewe mwezi wa kumi na mbili, kwa nauli zetu. Fedha za kofia haziguswi kwa ajili hiyo. Zote ni za mabati na mbao.

Mnada unaanza baada ya kahawa, bei ya kuanzia dola 80. Kofia namba 4 ina tundu dogo la nondo chini ya utepe, tumelitia kiraka, na atakayeinunua aonyeshwe kwanza. Namba 9 ni ya biva. Walio na kofia kuukuu nyumbani wasizifue kwa mashine, wazilete kama zilivyo. Na mzee wetu, hiyo uliyoivaa ni namba 7.