MASHINE HAIFUATI SAA
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Same)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kuchora mashine kwa kompyuta. Nitaeleza kosa langu moja, maana lina faida kuliko sifa zangu.

Wote tumeyaona mashamba ya mkonge pale Makanya. Katika korona, yaani mashine kubwa ya kukwangua mkonge, kazi huenda kwa zamu. Mshiko wa kwanza hulibana jani, na ngoma ya kwanza hukwangua nusu yake. Mshiko wa pili hupokea singa zilizokwisha kukwanguliwa, ndipo ule wa kwanza uachie, na ngoma ya pili imalize nusu iliyobaki.

Mimi nilitaka kuunda mashine ndogo ya namna hiyo kwa ajili ya mkulima mdogo. Nilichora kila kipande, nikaviunganisha, kisha nikaviendesha kwenye kioo cha kompyuta. Kila mwendo niliupa muda wake: huu tangu sekunde 0 hadi 3, ule tangu 3 hadi 5. Mchoro ulicheza vizuri mno. Nikaunda chuma vivyo hivyo, kila mshiko na mota yake na saa yake.

Siku ya majaribio likaingia jani nene. Mshiko wa kwanza ukachelewa. Wa pili, kwa kutii saa, ukabana hewa. Wa kwanza ukaachia, na ngoma ikalinyakua jani. Kijana aliyekuwa akilisha mashine akanyoosha mkono kulidaka. Tuliwahi kuzima. Mkono ulipona, shati halikupona.

Ndugu zangu, kosa halikuwa la kompyuta. Ilinionyesha nilichoiamuru tu. Isitoshe, usipoiagiza ikague mgongano, itakubali hata chuma kipite ndani ya chuma kingine.

Jawabu nililikumbuka huku milimani kwetu. Maji hukusanywa katika ndiva usiku. Asubuhi huzibuliwa, yakashuka mferejini, na mwenye zamu huyageuza kuingia shambani yanapofika. Kila tendo hungoja lililotangulia. Anayefungua mapema huambulia mfereji mkavu.

Basi nilichora upya. Niliondoa sekunde, nikafunga mwendo kwa mwendo: mhimili mmoja, na juu yake magurudumu yenye nundu. Nundu ya kwanza isipofika mahali pake, mshiko wa pili haufungi, wala wa kwanza hauachii. Mhimili ukienda polepole, vyote huenda polepole, lakini utaratibu haubadiliki.

Wazo la kufunga mchoro kwa masharti si geni. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 huko MIT, Marekani, kwa programu yake ya Sketchpad. Leo ipo programu ya FreeCAD, isiyolipiwa hata senti. Vijana, jifunzeni. Lakini kabla ya kubonyeza chochote, chukueni karatasi mwandike: kipi kinangoja kipi, na kisipofika itakuwaje? Swali hilo la pili ndilo linalookoa mikono ya watu.